Philipp Lahm alikuwa mguu wa kulia. Kwa nini walimchezesha namba tatu, yaani beki wa kushoto, miaka yote ile?

#1 MtotoWaMagomeni
Wakuu, habari zenu.

Jana usiku nilikaa na mdogo wangu tukaangalia marudio ya mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia 2006, Ujerumani na Costa Rica pale Munich. Dakika ya 6 tu Lahm anapokea mpira kushoto, anakata ndani, anafumua kwa mguu wa kulia, mpira unagonga nguzo ya mbali na kuzama wavuni. Mkono wa kushoto kafungwa kinga ya kiwiko. Dogo ana miaka 15, hajawahi kumwona akicheza. Akaniuliza, "Kaka, huyu si wa mguu wa kulia? Kushoto anafanya nini?" Nikakosa jibu la kumpa.

Ninavyokumbuka, alikaa namba tatu mpaka Guardiola alipofika Bayern 2013 akamhamishia namba mbili, beki wa kulia. Euro 2008 peke yake alifunga mabao mawili akitokea kushoto. Maoni yangu ni kwamba walimpotezea muda. Tunazungumzia mtu wa mechi 113 za timu ya taifa na ubingwa wa dunia, beki bora wa kulia wa kizazi chake, halafu ujana wake ukaliwa na upande usio wake. Au kuna kitu sikioni? Wajuzi karibuni.

#2 KimyaKimya
Nimekaa hapa nasoma.

#3 BintiNgamiani
Swali zuri, ila turekebishe kumbukumbu kwanza. Aliyempeleka kulia Bayern ni kocha Louis van Gaal, msimu wa 2009/10. Guardiola alimkuta tayari yuko kulia, akamtoa hapo akampeleka kati, namba sita.

Euro 2008 alifunga bao moja tu, lile la dakika ya 90 dhidi ya Uturuki. La pili unalolikumbuka nadhani ni la Ugiriki, robo fainali ya Euro 2012. Hilo nalo alitokea kushoto, akakata ndani, mguu wa kulia.

#4 MtotoWaMagomeni
Asante dada, ni Ugiriki kweli. Lakini ona, umezidi kulichanganya swali langu. Kama van Gaal alimpeleka kulia 2009, ilikuwaje 2012 akawa kushoto tena?

#5 MbongoStuttgart
Habari wadau. Niko huku mwaka wa kumi na mbili sasa, na wazee wa mpira wa hapa ukiwauliza habari za Lahm hawaanzi na Bayern, wanaanza na Andreas Hinkel.

Lahm ni mtoto wa Munich, kalelewa na Bayern tangu ana miaka 11. Lakini alipokuwa tayari kwa timu kubwa, namba mbili ilikuwa ya Willy Sagnol na namba tatu ya Bixente Lizarazu, Wafaransa wawili waliokwisha kushinda kila kitu. Aliingizwa dakika chache dhidi ya Lens, Novemba 2002, basi. Hermann Gerland, kocha wa timu ya pili, ndiye aliyekuwa akimpigia debe. Felix Magath wa Stuttgart akamchukua kwa mkopo 2003, kijana ana miaka 19.

Kufika Stuttgart, namba mbili nako ina mwenyewe, huyo Hinkel, kijana wa nyumbani. Magath akamjaribu kushoto, akampita Heiko Gerber, na hakutoka tena. Oktoba 2003 Stuttgart wakaifunga Manchester United 2-1 hapa hapa, na Februari 2004 Lahm akaanza timu ya taifa dhidi ya Kroatia. Kwa hiyo jibu langu ni fupi: kulia kulijaa, kushoto kulikuwa na upenyo.

#6 KirakaWaMtaa
Naunga mkono #5. Ndivyo mpira ulivyo kila mahali. Mimi kwenye ndondo nimecheza namba tano, sita, nane, hata golini siku kipa wetu alipofiwa. Hakuna aliyeniuliza napenda wapi. Unaulizwa, "unaweza?" Ukijibu ndiyo, kesho yake jina lako limekaa hapo.

#7 MzeeKocha
Vijana, nimefundisha watoto hapa Tanga zaidi ya miaka ishirini. Maelezo ya #5 yanatueleza alivyoingia kushoto. Hayatuelezi kwa nini alibaki. Mtu hukaa wiki tatu kwa sababu ya upenyo, hakai miaka sita. Alirudi Bayern 2005, bado akacheza kushoto. Timu ya taifa, kocha Klinsmann akamweka kushoto, Löw aliyemfuata akamweka kushoto. Makocha watatu, wanne, wote wanaona jambo moja.

Nakwambieni walichokiona. Beki wa kushoto wa mguu wa kushoto akipokea mpira, mwili wake unaelekea chaki, mstari wa pembeni. Njia yake ni moja, aende mbele amwage krosi. Wa mguu wa kulia akipokea pale, mwili wake unafunguka ndani, uwanja mzima uko mbele ya macho yake. Kwa mchezaji wa kawaida hiyo ni hasara, maana chaki inamkimbia. Kwa mwenye akili ya kiungo ni zawadi. Lahm alikuwa kiungo aliyevalishwa jezi ya beki.

#8 NjanoNyeusi
Mzee shikamoo. Nakuheshimu, ila mimi naona jambo la kawaida kuliko hapo. Ujerumani haikuwa na namba tatu. Hesabuni wenyewe: 2006 Lahm, mguu wa kulia. 2010 Jérôme Boateng kacheza kushoto, mguu wa kulia, tena beki wa kati. 2014 Benedikt Höwedes kacheza kushoto kila dakika mpaka wakabeba kombe, mguu wa kulia, beki wa kati pia. Nchi ina watu milioni 80 na haipati guu la kushoto. Hapo hakuna falsafa, ni njaa.

#9 BintiNgamiani
NjanoNyeusi, hesabu yako ina matobo. 2010 aliyeanza kushoto mechi mbili za kwanza ni Holger Badstuber, na yule ni mguu wa kushoto. Boateng aliingia baada ya kipigo cha Serbia. Halafu umemsahau Marcell Jansen, guu la kushoto halisi. Euro 2008 Löw alianza hivyo hivyo unavyotaka wewe, Jansen kushoto na Lahm kulia. Wakaifunga Poland, wakafungwa na Kroatia, na Jansen akatolewa mapumziko. Mechi ya Austria Lahm akarudishwa kushoto, Arne Friedrich akachukua kulia. Guu la kushoto lilikuwepo, kocha akaliweka benchi.

#10 NjanoNyeusi
Basi nasahihisha: lilikuwepo lakini halikutosha. Hoja yangu bado inasimama.

#11 MzeeKocha
Marahaba mwanangu. Inasimama kwa mguu mmoja.

#12 Golikipa82
Nimedaka miaka mingi daraja la tatu, niongee kama kipa. Beki wa kushoto wa wapinzani akikujia na mguu wa kushoto, unajua kinachokuja: krosi. Unasogea hatua moja mbele ya mstari unangoja. Akija na mguu wa kulia na amekata ndani, huna utulivu. Anaweza kuuzungusha kwenda nguzo ya mbali, anaweza kukuzuga akapiga nguzo ya karibu. Costa Rica aliuzungusha mbali. Uturuki alipiga karibu, kipa Rüştü akapitwa upande wake wa karibu. Ugiriki aliufumua kwa mbali. Mabao matatu ya mashindano makubwa, yote matatu kutoka kushoto kwa mguu wa kulia. Timu ya taifa kaifungia mabao matano maisha yake yote. Mwekeni kulia tangu mwanzo, mabao hayo mngeyapata wapi?

#13 KisauniFundi
Salaam aleikum ndugu zangu, nasalimu kutoka Mombasa.

Golikipa umenikumbusha Uturuki. Nusu fainali, Juni 2008, Basel. Tulikuwa kwenye kibanda cha video watu wamejaa hadi mlangoni. Kipindi cha pili picha yakatika. Yarudi, yakatika tena. Bao la Klose la dakika ya 79 hatukuliona kabisa, twasikia kelele za redio kutoka nyumba ya jirani. Watu walimvamia mwenye kibanda wataka pesa zao, mmoja ashapanda juu ya bati azungusha dishi usiku ule. Maskini yule mzee aliapa kwa kila kitu. Kesho yake ndipo twasoma kwamba kulikuwa na radi na dhoruba Vienna, ambako ndiko kituo kikuu cha kurusha matangazo kilikuwa, na sehemu kubwa ya dunia ilikatikiwa. Nilikwenda mwenyewe kumtaka radhi.

Sasa niwaulize. Bao la 2-2 la Semih wa Uturuki, dakika ya 86, krosi yatoka kwa nani? Sabri. Na Sabri kampita nani chakini? Lahm. Kampita nje, upande wa mguu wa kushoto wa Lahm. Dakika nne baadaye huyo huyo Lahm agongeana na Hitzlsperger aingia ndani afunga. Mimi nikiulizwa faida na hasara ya kumweka kushoto, naonyesha dakika nne zile tu.

#14 MtotoWaMagomeni
#13 umenipa raha na umenipa kazi. Dogo lazima aione hiyo.

#15 Mchambuzi_Mkavu
Hasara haikuishia hapo. Fainali ya Euro 2008, Vienna, dakika ya 33. Xavi anapenyeza, Lahm yuko mbele ya Torres, ana nafasi ya kuuondoa au kuukinga Lehmann audake. Anasita. Torres anampita na kuunyanyua juu ya kipa. Hispania 1, Ujerumani 0, ikaisha hivyo. Beki wa kushoto mwenye guu la kushoto angeupiga nje bila kufikiri mara mbili.

#16 BintiNgamiani
Hapana, hapo unamwonea. Lile ni bao la kutoelewana na kipa. Lehmann katoka, Lahm anamwachia, Torres ana mbio kuliko wote wawili. Ungekuwa na miguu mitano ungefungwa. Kipindi cha pili hakurudi, akaingia Jansen, na kombe halikurudi na Jansen.

#17 Golikipa82
Kama kipa nasema kosa nusu kwa nusu. Kipa ukitoka, unapiga kelele ya kuuita mpira wako. Ukitoka kimya unamuua beki.

#18 Mchambuzi_Mkavu
Na nusu fainali ya Euro 2012 na Italia? Balotelli bao la pili, Montolivo karusha mpira mrefu, wa mwisho nyuma ni nani? Lahm, na anacheza kushoto.

#19 BintiNgamiani
Pale timu yote ilikuwa imepanda kutafuta la kusawazisha. Beki wa urefu wa mita 1.70 kaachwa amlinde Balotelli peke yake, halafu lawama apewe mguu wake!

#20 MzeeKocha
Mchambuzi kasema kitu ambacho sitaki kipite. Tazameni mawinga waliokuwa wanamjia. Mwaka 2004, 2005, winga wa kulia wengi walikuwa wa mguu wa kulia, wanakwenda nje, wanamwaga majalo. Beki wa kushoto wa mguu wa kulia hapo anateseka, maana anakimbizwa upande wake dhaifu. Sabri ni mfano halisi, KisauniFundi kasema kweli.

Kisha mawinga wakageuzwa. Messi kulia na mguu wa kushoto, Robben kulia na mguu wa kushoto. Hao wanakata ndani. Beki wa kushoto mwenye mguu wa kulia sasa ana silaha, mguu wake wenye nguvu uko pale pale winga anapotaka kupita. Kwa hiyo anayesema ilikuwa faida na anayesema ilikuwa hasara wote wana haki, inategemea mwaka gani na aliyesimama mbele yake.

#21 MbongoStuttgart
Mzee, kwa hesabu hiyo walitakiwa wamlete kushoto baada ya 2009. Bayern walifanya kinyume.

#22 BintiNgamiani
Hapo ndipo Robben anapoingia, na kwangu hili ndilo jibu la kweli kuliko yote yaliyosemwa humu.

Kabla ya 2009, kushoto Bayern mbele ya Lahm alikuwa Franck Ribéry. Ribéry naye ni mguu wa kulia, anakata ndani. Lahm mguu wa kulia, anakata ndani. Wote wawili wanaelekea mlango mmoja, chaki inabaki tupu, na beki wa wapinzani anakaa ndani anawangoja. Agosti 2009 akaja Robben, mguu wa kushoto, akakaa kulia. Van Gaal akamweka Lahm nyuma yake. Robben anakata ndani, Lahm anamzunguka nje kwa mguu wake wa kulia. Beki wa kushoto wa wapinzani ana sekunde moja ya kuamua nani wa kumfuata. Akimfuata Lahm, Robben anapiga. Akimfuata Robben, Lahm anamwaga. Bayern wameishi juu ya jambo hilo miaka minane.

Na swali lako la 2012, MtotoWaMagomeni: kocha wa Bayern msimu wa 2011/12, Heynckes, alimrudisha kushoto kwanza kwa sababu Rafinha alisajiliwa kucheza kulia. David Alaba alipokomaa kushoto, Lahm akarudi kulia. Timu ya taifa haikuwa na Alaba, yule ni Mwaustria. Ndiyo maana Euro ya kiangazi kile Löw akamweka kushoto, Boateng akawa kulia.

#23 NjanoNyeusi
"Timu ya taifa haikuwa na Alaba." Maana yake haikuwa na guu la kushoto. Nilisema mimi tangu #8. Asante dada kwa kunitetea.

#24 BintiNgamiani
Wewe shabiki wa Dortmund, kuna bao la Robben la dakika ya 89 pale Wembley, fainali ya Ligi ya Mabingwa 2013, ningependa ulitetee kwanza.

#25 NjanoNyeusi
Na wewe utetee nusu fainali ya Pokal, Kombe la Ujerumani, 2015, sisi na nyie. Penalti ya kwanza Lahm kateleza, kapaisha. Ya pili Xabi Alonso kateleza vile vile. Bayern wamepiga nne, haikuingia hata moja. Nilicheka hadi mke wangu akaamka.

#26 BintiNgamiani
Hiyo nakubali, iliniuma wiki nzima. Lakini usisahau fainali ya Ligi ya Mabingwa 2012 na Chelsea, nyumbani kwetu Munich, penalti ya kwanza alipiga yeye na akafunga. Nahodha anayetangulia mbele siku kama ile namheshimu mpaka leo. Tulikosa kombe, hakulikosesha yeye.

#27 KirakaWaMtaa
Turudi kwenye mada. Mnabishana kulia na kushoto, mimi naona pote pote mlimpunja. Guardiola 2013 viungo wake wameumia, akamweka Lahm namba sita na mtu akacheza kama kazaliwa hapo. Guardiola mwenyewe alisema huenda ndiye mchezaji mwenye akili kuliko wote aliowahi kuwafundisha, na huyu kamfundisha Messi, Xavi na Iniesta. Kiraka halisi ni huyu. Kiraka wa kweli haonekani kama kiraka, nguo inaonekana mpya.

#28 Mchambuzi_Mkavu
Mechi ya Ghana, Kombe la Dunia 2014, umeiangalia? Namba sita wako huyo kapoteza mpira katikati, Muntari akaudaka, pasi moja, Gyan kaweka 2-1 kwa Ghana. Ikaisha 2-2. Mechi ya Algeria Mustafi, aliyekuwa beki wa kulia, alipoumia, Lahm akarudi namba mbili, na tangu hapo Löw hakumtoa tena. Ufaransa 1-0 kutoka kulia. Brazil 7-1 kutoka kulia: la tatu la Kroos krosi ya Lahm, la sita la Schürrle pasi ya Lahm. Argentina 1-0, bingwa, kutoka kulia. Löw alikuwa mkaidi mechi nne, ya tano akakubali.

#29 MbongoStuttgart
KirakaWaMtaa yuko karibu na ukweli. Timu za vijana Lahm alicheza kiungo pia, si jambo lililobuniwa 2013. Na #7 alisema "kiungo aliyevalishwa jezi ya beki". Kwa maoni hayo swali la kulia au kushoto linapoteza uzito. Pembeni kote alikuwa mgeni.

Nyongeza ndogo: mechi ya mshindi wa tatu 2006 na Ureno ilichezwa hapa Stuttgart. Jansen aliwekwa kushoto, Lahm kulia. Mashindano yale hakukosa hata dakika moja, pande zote mbili.

#30 KimyaKimya
Nimesoma yote, sasa niseme langu.

Mimi ni mguu wa kulia. Kidato cha tatu mwalimu wa michezo aliniweka namba tatu kwa sababu mwenye namba yake alihama shule. Sikuwa na Ribéry wala Robben mbele yangu, nilikuwa na hofu tu. Kila winga aliyenijia alikwenda nje, na kila mara nilichelewa nusu hatua. Niligeuza mguu wa kulia kuukinga mpira, nikajikuta nampa mgongo. Mechi ya tatu niligongana na mtu vibaya goti la kushoto, kwa sababu niliingia na mguu usiojua kuingia. Nikakaa nje mwaka mzima na sikurudi kuwa yule wa zamani. Sikumlaumu mwalimu wakati ule. Siku hizi nikimwona mtoto kawekwa upande usio wake kwa kuwa "nafasi ipo", moyo unanienda mbio.

Ndiyo maana nikimwangalia Lahm sioni falsafa. Naona mtu aliyelazimika kujifunza upya namna ya kusimama. Ukitazama vizuri alivyokuwa anakaba kushoto, hakuwahi kukurupuka. Anarudi nyuma kwa hatua fupi fupi, kaelekeza kifua ndani kidogo, anasubiri winga aguse mpira mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Hapo ndipo anaunyofoa. Alimaliza kazi yake yote bila kadi nyekundu hata moja. Nani kamfundisha subira ile kama si upande usio wake?

#31 MzeeKocha
Pole sana mwanangu. Umeandika jambo ambalo sisi makocha tunapaswa kulisoma mara mbili. Kumhamisha mtoto upande bila kumfundisha mguu wa pili ni kumtupa kisimani.

#32 Golikipa82
Pole ndugu. Ila kwenye kadi nyekundu sikubaliani nawe. Alikaa kulia na kati nusu ya maisha yake na nako hakutolewa. Hiyo ni tabia na macho. Anauona mpira kabla haujafika, kwa hiyo hana haja ya kumvuta mtu jezi. Ungempeleka hata golini asingepewa kadi.

#33 KisauniFundi
Golikipa, twakubali tabia, lakini tabia yafunzwa na mahali. Mtu aliyekulia ufukweni hukanyaga mchanga tofauti.

#34 MzeeKocha
Kuna mmoja hamjamtaja. Andreas Brehme, Mungu amrehemu, alifariki Februari 2024. Fainali ya 1990, Roma, dakika ya 85, penalti dhidi ya Argentina. Brehme ni namba tatu, na penalti ile iliyowapa kombe aliipiga kwa mguu wa kulia! Kule Ujerumani walikuwa wanabishana mguu wake halisi ni upi. Kwa hiyo Wajerumani walishazoea beki wa kushoto asiyefungwa na mguu wa kushoto. Lahm alipotokea, makocha waliokua wakimtazama Brehme hawakuona ajabu. Klinsmann mwenyewe alikuwa uwanjani ile fainali.

#35 NjanoNyeusi
Mzee, Brehme alikuwa na miguu miwili. Lahm alikuwa na mmoja na nusu. Usiwaweke kapu moja.

#36 MzeeKocha
Mmoja na nusu wa Lahm ulifungua milango mingi kuliko miwili ya wengi. Ila nakubali, Brehme alikuwa wa peke yake.

#37 KirakaWaMtaa
Na Joshua Kimmich mnamwonaje? Lahm kastaafu 2017, Kimmich kachukua namba mbili yake, na ubishi ule ule ukaanza, kulia au kati. Naona Ujerumani wamerithi ugonjwa.

#38 Mchambuzi_Mkavu
Fungua uzi wake, hapa hatutamaliza leo.

#39 MtotoWaMagomeni
Wakuu, asanteni. Nilikuja na swali moja, nina majibu sita na hayapatani: kulia kulijaa (#5), mwili kufunguka ndani (#7), njaa ya guu la kushoto (#8), mabao (#12), Ribéry na Robben (#22), na alizaliwa kiungo (#27, #29). Nimemsomea dogo yote. La KimyaKimya lilimnyamazisha, maana kumbe na yeye shuleni kwao kawekwa namba tatu tangu mwezi uliopita, na ni mguu wa kulia. Hakuwa ameniambia. Ndiyo maana aliuliza.

#40 KimyaKimya
Mkuu, tafadhali mfundishe kwanza kuutuliza mpira kwa mguu wa kushoto na kuupiga nje. Mambo mawili tu hayo. Mengine atayaona mwenyewe.

#41 MzeeKocha
Na ukuta. Apige mpira ukutani kwa kushoto mara mia kila jioni, kabla ya kula. Akifika wiki ya tatu nitumie ujumbe faragha, nitakupa hatua inayofuata.

#42 BintiNgamiani
Na akishapanda chakini amtazame winga wa timu yake aliye mbele yake ni wa mguu gani. Akikuta ni wa kulia, asikate ndani, watagongana.

#43 MtotoWaMagomeni
Nimeandika yote kwenye daftari lake. Leo usiku anataka kuiona ile ya Uturuki. KisauniFundi, Sabri anampita dakika ya ngapi?

#44 KisauniFundi
Ya 86. Mwanzishie ya 80, aone Lahm alivyokuwa amesimama kabla.